Mama akivuka mpaka, mtoto abaki na nani?

Mfanyabiashara wa mpakani huamka saa kumi alfajiri akiwa na hesabu kichwani. Anajua fedha alizonazo, anajua bei ya mzigo upande wa pili, na amekwisha kuuliza kama barabara inapitika. Hesabu moja haimo katika karatasi yoyote ya forodha, nayo ndiyo humchelewesha kutoka nyumbani: mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyelala kitandani atabaki na nani hadi jioni?

Wanaofanya biashara ndogo katika mipaka ya Afrika Mashariki walio wengi ni wanawake, na wengi wao wana watoto wadogo. Kwa hiyo swali la kuchagua kati ya dada wa kazi na kituo cha kulelea watoto linasumbua Busia kama linavyosumbua Namanga, Mutukula, Rusumo na Gisenyi. Hata hivyo ushauri unaotolewa redioni na katika semina za malezi umeshonwa kwa kipimo cha mtu wa ofisini, anayetoka saa mbili asubuhi, akarudi saa kumi na moja jioni na kupokea mshahara mwisho wa mwezi.

Mtu huyo ana sheria nyuma yake. Tanzania humpa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, Kenya miezi mitatu, Uganda siku 60 za kazi, na Rwanda sasa inatoa wiki 14. Muuza vitunguu wa Namanga au muuza samaki wa Busia hana mwajiri wa kumpa hata siku moja. Akikaa nyumbani miezi mitatu, anakula mtaji. Akirudi sokoni mapema, anahitaji mtu wa kumshikia mtoto ambaye bado ananyonya. Uamuzi wake kwa hiyo ni wa malezi na wa biashara kwa wakati mmoja, na ni vyema ukafanywa kwa hesabu za biashara yake badala ya hesabu za watu wengine.

Kwanza aangaliwe mtoto mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi afikishe miaka miwili au zaidi. Mtoto wa miezi 12 hadi 24 anatembea lakini hajui moto wala ndoo ya maji. Anahitaji sura anayoizoea, anayeiona leo na kesho. Kubwa kuliko yote, hajaweza kusema. Mtoto wa miaka minne akipigwa au akinyimwa chakula, jioni atamwambia mama yake. Wa mwaka mmoja na nusu hana namna hiyo. Anayemlea, awe nyumbani au kituoni, anafanya kazi ambayo shahidi wake pekee hawezi kutoa ushahidi. Hapo ndipo uzito wa uamuzi ulipo.

Dada wa kazi ana mambo mengi yanayomfaa mfanyabiashara. Anakuwapo saa kumi alfajiri, wakati hakuna kituo kilichofungua mlango. Mtoto akipata homa, anabaki kitandani kwake na mama anaweza kwenda sokoni. Kama kuna ndugu zake wakubwa wanaorudi shule saa sita, wanamkuta mtu nyumbani. Lori likikwama na mama akalala upande wa pili, mtoto hatafukuzwa kituoni kwa sababu saa zimekwisha. Wako wanawake wengi katika ukanda huu waliojenga maduka na kusomesha watoto kwa sababu nyumbani kulikuwa na dada mwaminifu. Si haki kulisahau hilo kila inapotokea habari mbaya.

Habari mbaya nazo zipo. Novemba 2014 picha za video kutoka Kampala zilizunguka dunia nzima zikimwonyesha mfanyakazi wa ndani akimpiga na kumkanyaga mtoto mdogo. Baba wa mtoto alikuwa ameweka kamera sebuleni baada ya kuona alama mwilini mwa mwanawe. Mfanyakazi huyo alihukumiwa kifungo cha miaka minne. Wengi walichojifunza ni kununua kamera. Lakini kamera inaonyesha jambo likiwa limekwisha kutendeka. Funzo lenye faida zaidi ni kwamba mtu mmoja, aliyefungiwa na mtoto mmoja kutwa nzima, bila jirani anayeingia wala mtu anayempokea kazi, yuko katika hali ya hatari hata kama aliajiriwa akiwa mtu mwema.

Umri wake pia ni tatizo. Mara nyingi anayeitwa dada ni mtoto mwenyewe, ametolewa kijijini baada ya darasa la saba au kabla. Katika sheria za nchi zetu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14 Tanzania Bara na miaka 16 Rwanda, tena kwa kazi zisizo na madhara. Msichana wa miaka 13 aliyeachiwa mtoto, jiko la mkaa, nguo za kufua na mlango wa nyumba kuanzia alfajiri hadi usiku anafanya kazi ya mtu mzima wawili. Anayemwajiri anaweka watoto wawili hatarini na kusema ameacha mmoja katika mikono salama.

Mpaka nao unaongeza lake. Familia nyingi za mpakani huajiri msichana kutoka ng'ambo kwa sababu mshahara wake, ukibadilishwa kwa fedha ya huku, unaonekana mdogo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010 na inazungumzia wafanyakazi kuvuka mipaka, lakini nchi nyingi zilipoorodhesha kazi zilizofunguliwa ziliegemea taaluma na ufundi. Dada wa kazi amebaki pembeni. Anavuka kama mgeni wa kutembea, anakaa bila kibali, na siku ya ugomvi hana mahali pa kulalamika. Mwajiri naye hana mahali pa kumtafuta akitoweka, kwa sababu hamjui mjumbe wake, hajui kijiji chake, na namba ya simu aliyopewa imezimwa. Makubaliano yasiyo na karatasi humwumiza kila upande kwa zamu yake.

Kituo cha kulelea watoto kina nguvu ambayo nyumba haina: macho mengi. Walezi wanaonana, wazazi wanaingia na kutoka, na mtoto akirudi na alama kuna watu zaidi ya mmoja wa kuulizwa. Kituo kizuri humpa mtoto wenzake wa kucheza nao na maneno mapya kila wiki. Tena kituo kinachotoza kwa siku kinalingana na mfuko wa mchuuzi, ambaye naye hupata kwa siku. Wiki asiyovuka, halipi.

Udhaifu wake nao unajulikana. Vituo vingi hufungua saa moja asubuhi, saa ambayo nyanya na samaki wa bei nzuri wamekwisha kununuliwa. Jumapili vimefungwa. Mtoto akiwa na homa au macho mekundu anarudishwa nyumbani, na hiyo ni safari iliyopotea. Kisha viko vyumba vinavyojiita vituo: chumba kimoja cha bati, mama mmoja, watoto 15, na televisheni. Tanzania, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, inataka vituo vya kulelea watoto visajiliwe, na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kuulizwa. Lakini msajili hawezi kufika kila uchochoro, kwa hiyo mzazi bado anatakiwa kuingia ndani na kuona kwa macho yake.

Wengi hukimbilia kuuliza kipi ni rahisi kwa bei. Chukua mfano wa mchuuzi wa upande wa Tanzania anayepanga kuvuka siku 18 kwa mwezi na kurudi jioni. Amri ya mishahara ya 2022 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani wa kawaida anayeishi kwa mwajiri. Chakula na sabuni vikiwa shilingi 2,000 kwa siku, hiyo ni 60,000 nyingine. Dada anagharimu 120,000, na hapo haijahesabiwa nauli ya kwenda kwao sikukuu wala matibabu yake.

Sasa tuseme kituo kinatoza shilingi 3,000 kwa siku na bodaboda ya kumpeleka ni 1,000. Mtoto akiugua siku mbili, mama anavuka siku 16, kwa hiyo analipa 64,000. Lakini siku mbili zilizopotea, kama faida ya safari moja ni 20,000, zimemgharimu 40,000. Jumla ni 104,000. Akiugua siku ya tatu, analipa 60,000 kwa siku 15 na kupoteza 60,000 ya safari tatu: jumla 120,000, sawasawa na dada. Kila mmoja aweke takwimu za kwake, kwa shilingi ya Kenya au ya Uganda, au kwa faranga. Kwa wengi bei zitakaribiana, na tofauti ndogo iliyobaki haistahili kuamua mtoto alelewe wapi.

Kinachopaswa kuamua ni safari yenyewe. Anayevuka asubuhi na kurudi jioni, siku za soko chache kwa wiki, anafaa zaidi kituo, mradi kiwe karibu na lango la mpaka kiasi cha kufikika kwa miguu. Saa sita mchana anaweza kurudi akamnyonyesha, kisha akaendelea. Saa za alfajiri kabla kituo hakijafunguliwa zinazibwa na jirani anayelipwa kidogo kwa kazi hiyo, badala ya kuachiwa ndugu wa miaka tisa anayepaswa kujiandaa kwenda shule. Anayesafiri mbali na kulala nje, kwa mfano anayetoka Kampala kwenda kuchukua bidhaa Nairobi, kituo hakimtoshi. Huyo anahitaji mtu mzima nyumbani, mwenye mkataba, na mtu mzima wa pili anayepita kila siku bila taarifa. Ikiwezekana, mtoto aende kituoni mchana na dada ampokee jioni. Gharama inaongezeka, lakini hakuna anayebaki peke yake na mtoto kwa saa 24.

Katika hali zote mbili, mtoto alelewe upande anaoishi. Wapo wanaovutwa na kituo cha bei nafuu ng'ambo, au wanaombeba mtoto mgongoni kupita njia za panya na mzigo kichwani. Historia ya karibuni ni onyo la kutosha. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019 na haukurudi katika hali ya kawaida hadi mwaka 2022. Machi 2020 korona ilifunga karibu kila lango kwa wasafiri wa kawaida. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Hakuna aliyepewa wiki ya kujiandaa. Mzigo ukibaki upande wa pili ni hasara. Mtoto akibaki upande wa pili, hakuna fomu ya forodha ya kumdai.

Rwanda imeonyesha kwamba jambo hili linaweza kupewa jibu. Kwa miaka mingi, karibu na lango linaloitwa Petite Barrière kati ya Gisenyi na Goma, akina mama waliokuwa wakivuka kuuza mboga na matunda waliacha watoto kandokando ya barabara, wameshikwa na wasichana wadogo, juani na mvuani. Baadaye wilaya ya Rubavu ikapata vituo vya malezi karibu na mpaka kwa ajili ya watoto wa wafanyabiashara hao. Vijijini nako kuna utaratibu wa irerero wa nyumbani, ambapo wazazi wa mtaa mmoja hukusanya watoto katika nyumba ya mmoja wao na kusaidiana kuwalea. Si vituo vya kifahari. Vina mlango, maji, uji na watu wazima wanaojulikana kwa majina.

Ambaye hana kituo cha namna hiyo bado ana la kufanya kabla ya kuamua. Akienda kutazama kituo, aende bila miadi, saa tano asubuhi, wakati watoto wako macho. Ahesabu watoto na walezi. Mlezi mmoja hawezi kuwaangalia ipasavyo zaidi ya wanne au watano wa umri wa kutambaa na kuanza kutembea. Atazame choo, maji ya kunawa na umbali wa jiko. Aulize nani anaruhusiwa kumchukua mtoto jioni, na kama jibu ni "yeyote utakayemtuma", aondoke. Baada ya wiki mbili amwangalie mwanawe: mtoto anayelia asubuhi na kutulia mchana anazoea, lakini anayerudi kila jioni amelala usingizi mzito usio wa kawaida anahitaji maswali ya haraka, na pengine daktari.

Akiajiri dada, apate nakala ya kitambulisho na barua ya utambulisho. Kila nchi ina mtu wa kuitoa: mwenyekiti wa mtaa au kijiji Tanzania, chifu Kenya, LC1 Uganda, mudugudu Rwanda, na hata Goma watu wanamjua nyumba kumi wao. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha: mshahara, tarehe ya kulipwa, siku ya mapumziko, kazi atakazofanya na zile asizopaswa kufanya. Kama ameajiriwa kulea mtoto, asigeuzwe pia kuwa muuza duka, mfua nguo wa nyumba tatu na mbeba maji. Wiki ya kwanza mama abaki nyumbani, hata kama anakosa soko moja. Na alipe kwa tarehe. Mtu anayedai mshahara wa miezi mitatu hawezi kuwa na subira na kilio cha mtoto wa anayemdai.

Watasema wengine kwamba bibi yupo, kwa nini kuhangaika. Bibi mwenye nguvu na hiari ni baraka, na hakuna kituo kinachomshinda kwa mapenzi. Lakini mtoto wa miezi 18 anakimbia, na mgongo wa miaka 65 haukimbii. Bibi aulizwe kama anaweza, asiamriwe. Naye baba asisahauliwe. Katika nyumba nyingi za mpakani gharama ya kulea inatoka katika mtaji wa mama, kama vile mtoto ni bidhaa aliyoiagiza peke yake. Baba anayeendesha bodaboda mjini hapo hapo anaweza kumchukua mtoto saa kumi jioni. Anayesafiri na malori anaweza kulipia nusu ya kituo. Hilo lizungumzwe nyumbani kabla ya kulaumu dada.

Baada ya wazazi kufanya yao, linabaki la serikali na jumuiya. Mfumo rahisi wa biashara wa Afrika Mashariki unamruhusu mchuuzi kuvusha bidhaa za nchi wanachama zenye thamani isiyozidi dola 2,000 kwa cheti rahisi cha uasili, na vituo vya pamoja vya forodha vimejengwa Busia, Namanga, Rusumo na kwingineko. Vina maegesho ya malori, mizani na ofisi za mawakala. Chumba cha kunyonyesha na kituo cha watoto wa wachuuzi vingegharimu sehemu ndogo ya hayo. Soko linalokusanya ushuru wa meza kila siku kutoka kwa wanawake hao hao halipungukiwi hoja ya kutenga chumba kimoja. Tanzania ilizindua mwaka 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Miji ya mpakani ilistahili kuwa ya kwanza kuonja matunda yake.

Wachuuzi nao wasisubiri hadi waziri akate utepe. Vikundi vipo tayari: vikoba Tanzania, chama Kenya, ikimina Rwanda, likelemba Kongo. Wanachama 20 wanaoweka akiba pamoja wanaweza kukodi vyumba viwili karibu na lango, kuajiri walezi watatu watu wazima kwa mshahara halali, kukisajili kituo na kufungua saa kumi alfajiri, kwa sababu wao ndio wanaojua saa ya soko. Kisha waende halmashauri kwa pamoja kudai maji na usajili wa haraka. Ofisa anayempuuza mama mmoja mwenye mtoto mgongoni huona ugumu kuwapuuza 20 wenye risiti za ushuru mkononi.